'Mtoto wa mtaani' asiye na mtaa: Tunavyowataja wasio na makao

JIONI moja mwezi uliopita nilikuwa steji ya Thika nikisubiri matatu ijae ili niende Ruiru. Mvulana wa miaka kama kumi na mitatu akapita kando ya dirisha, begani amebeba gunia la chupa za plastiki lililokaribia kumzidi kimo. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimwonyesha bintiye kwa kidole: "Umemwona huyo chokoraa? Endelea kucheza na masomo, utaishia hivyo."

Mvulana alisikia. Akasimama, akatua gunia, akasema bila hasira, "Mathe, mimi si chokoraa. Mimi hukaa Kiandutu na shosho wangu."

Makanga akaangua kicheko: "Aisee, chokoraa ana domo!" Abiria wakacheka. Mvulana alijitwika gunia lake akaenda zake. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno, na kwa mwalimu wa lugha kimya hicho si kitu cha kujivunia.

Siku chache baadaye nilikutana Ruiru na mama mmoja tuliyekuwa majirani zamani, kabla hajaachishwa kazi kiwandani. Nilipomuuliza siku hizi anaishi wapi, alisitasita. Mwenye ploti alikuwa amemfungia nyumba kwa kufuli kwa sababu ya kodi ya miezi miwili. Vitanda, sufuria na sare za shule za watoto vilibaki ndani. Yeye na watoto wawili walikuwa wakilala sakafuni kwa rafiki, na rafiki alikuwa ameanza kuchoka. Nilipomwambia kwamba basi yeye hana makao, alinikatiza haraka: "La, mwalimu. Sina nyumba, lakini mimi si mtu wa mtaani."

Hebu tuwaweke hawa wawili bega kwa bega. Wa kwanza ana mahali pa kulala, lakini lugha yetu imemnyang'anya. Wa pili hana, lakini lugha yetu haina neno la kumtaja, na yeye mwenyewe analikimbia neno lililopo. Ninadai katika makala haya kwamba msamiati tunaoutumia kuhusu wasio na makao unataja tunachokiona na kutukera, wala hautaji walichokikosa wao. Matokeo yake ni kwamba tunawaona wasiohusika na kuwapita wanaohusika.

Tuanze na neno lenyewe. Katika kamusi za kale, 'chokora' ni mtegemezi, mfuasi, kijana wa kazi ndogo ndogo za jikoni. Alikuwa mtu wa chini, lakini alikuwa na jiko la kumlisha na bwana wa kumtuma. Upo pia utendi wa kuchokora, yaani kudukua kwa kidole au kijiti, na mijini neno likasogezwa kwa anayepekuapekua mapipa ya taka. Hivyo mtumishi wa jikoni akageuka kuwa mtu wa jaani, na irabu ya mwisho ikavutwa hadi ikawa 'chokoraa'.

Wapo wanaodai kwamba ubaya wa neno hili umo katika kiambishi cha wingi, 'ma-', kama tunavyosema majambazi na makahaba. Hoja hiyo haina mashiko. Tunasema pia madaktari, maaskofu na marafiki, na hakuna anayekasirika. Kinachodhalilisha ni upatanisho wa kisarufi tunaouchagua tukiwa matatuni. Sikiliza watu wakisema "yale machokoraa yamejaa hapo" au "kale kachokoraa kamenifuata". Nomino ya kiumbe, ambayo sarufi sanifu huipatanisha kama mtu, hushushwa ikapatanishwa kama jiwe au kijiti. Hakuna anayesema "yale madaktari yamejaa" ila anapotaka kuwatusi.

Waliochoshwa na 'chokoraa' walituletea 'mtoto wa mtaani'. Hii ni tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, na kama tafsiri nyingi za sampuli hiyo, imeleta maneno ikaacha maana njiani. Mtaa katika Kiswahili si barabara. Mtaa ni sehemu ya mji wanakoishi watu wanaojuana. Nchini Tanzania mtaa ni ngazi ya utawala yenye mwenyekiti wake. Huku kwetu vijana husema "mtaa wetu" kwa fahari, na mwanasiasa akitaka kura hujiita "mtu wa mtaa".

Kwa maana hiyo, kila mtoto wa Makongeni ni mtoto wa mtaani. Wa Majengo vilevile, wa Kimbo vilevile. Yule tunayemwita hivyo ndiye hasa ambaye hana mtaa. Tumempa jina la kitu anachokikosa, kisha tukalifanya jina hilo liwe aibu.

Neno jingine linalonikera zaidi ni lile linaloonekana halina hatia: 'wakazi'. Katika taarifa za habari utakutana mara kwa mara na sentensi ya aina hii: "Wakazi wa Thika wamelalamikia ongezeko la watoto wa mitaani mjini." Isome tena polepole. Upande mmoja wapo wakazi, upande wa pili wapo watoto wa mitaani. Msomaji anaelewa bila kuambiwa kwamba makundi haya hayachangamani.

Mkazi, makazi na makao yote yanatokana na kitenzi kimoja, kukaa. Kijana aliyelala kwenye veranda ya duka lilelile kwa miaka sita amekaa Thika kuliko mpangaji anayehama kila baada ya miezi minane. Anamjua mlinzi wa zamu ya usiku, anajua hoteli ipi humwaga mabaki saa ngapi, anajua mvua ikitoka upande gani veranda ipi haivuji. Kisarufi ni mkazi. Kihabari ni kero ya wakazi.

Fauka ya hayo, tumezoea kusema mji 'umesafishwa' pale watu hawa wanapokamatwa na kupakiwa kwenye malori. Husafishwa kilichochafuka. Mwandishi anayelitumia neno hilo bila alama za kunukuu huwa ameshatoa hukumu kabla ya kuuliza swali hata moja. Nami niungame kwamba nimewahi kulitumia.

Yamkini kuna msomaji anayeuliza: maneno tu haya, yana uzito gani? Uzito wake uko kwenye hesabu.

Mnamo 2018 ilifanywa sensa ya kitaifa ya familia za mitaani. Ilipata watu 46,639 nchini Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Mwaka uliofuata, katika sensa ya watu na makazi, makarani walizunguka usiku wa Agosti 24 wakiwahesabu waliolala nje. Idadi ikawa 20,101.

Je, zaidi ya watu 26,000 walipata nyumba katika muda wa mwaka mmoja? Hakuna anayeamini hivyo. Zoezi la kwanza lilimtafuta 'mtu wa familia ya mtaani'. La pili lilimtafuta 'aliyelala nje usiku huu'. Haya ni maswali mawili tofauti, na kila swali lina watu wake. Jina unaloliweka juu ya fomu ndilo linaloamua nani ataingia ndani ya fomu.

Sasa mtafute yule mama wa Ruiru katika hesabu hizo. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mama na wanawe wangeandikwa kama watu waliolala katika nyumba ya rafiki: wako ndani, wako chini ya bati, mambo shwari. Kwenye zoezi la familia za mitaani wasingekuwepo kabisa. Si wa mitaani, hawakulala nje, na nyumba hawana. Takwimu zinawapita kama matatu iliyojaa inavyompita abiria.

Hili si jambo dogo kwa mji kama Ruiru. Kwa mujibu wa sensa hiyo ya 2019, Ruiru ilikuwa na watu 490,120, wengi kuliko wa Eldoret au Kisumu. Thika, inayofahamika zaidi na yenye historia ndefu ya viwanda, ilikuwa na watu 251,407. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa rasmi 2012, mashamba ya kahawa yalikuwa yameanza kugeuka kuwa ploti, na ploti zikawa maghorofa ya bedsita. Ruiru ni mji wa wapangaji.

Kutokuwa na makao kwa Thika kunaonekana. Kuko sokoni, kuko kwenye veranda za maduka, kuko kwenye jaa la Kang'oki. Kwa Ruiru kumejificha nyuma ya milango ya watu wengine. Anayepita kwa gari atasema tatizo liko Thika, Ruiru hakuna. Atakuwa amesema alichokiona.

Cha ajabu ni kwamba Kiswahili cha Ruiru kina msamiati tajiri wa janga hili. Watu husema "amefungiwa nyumba", "amehama usiku", "amewekewa kufuli", "anajibanza kwa rafiki", "amerudisha watoto ushago". Kila mpangaji anayajua maneno haya na baadhi tumeyaonja. Lakini hatuyaweki katika fungu moja na yule wa veranda. Tunaona kwamba haya ni mambo ya kodi, na yale ni mambo ya tabia.

Mgawanyo huo umeingia hadi kwenye lugha rasmi. Mwaka 2003 serikali iliunda hazina ya fedha ya 'kurekebisha' familia za mitaani. Nia ilikuwa njema na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi. Tunarekebisha kilichoharibika: saa, injini, mwenendo wa mfungwa. Ukisema mtu anahitaji kurekebishwa umesema kasoro iko ndani yake. Aliyefungiwa nyumba hahitaji marekebisho, anahitaji ufunguo. Na wengi wa wale walioko kwenye veranda walianza safari yao kwenye mlango uliofungwa na mtu mwingine.

Waandishi wetu waliliona hili kabla yetu. Meja Mwangi, katika riwaya yake ya Kiingereza 'Kill Me Quick' ya 1973, aliwaweka vichochoroni Nairobi vijana wawili waliokuwa wamemaliza shule. Kilichowatupa huko si ukaidi wa kusoma, ni kukosa kazi. Yule mama wa kwenye matatu angemsimulia bintiye kisa hicho, onyo lake lingekwama kooni.

Karibu zaidi ni 'Chozi la Heri' ya Assumpta Matei, riwaya iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili nchini. Ridhaa, mhusika mkuu, ni daktari mwenye mali. Nyumba yake inateketezwa, familia inaangamia, naye anajikuta kambini katika Msitu wa Mamba. Wanafunzi wetu wamemlilia Ridhaa na kumwandikia insha. Wametumia istilahi zote zifaazo: mkimbizi wa ndani, mhasiriwa, aliyepoteza makao.

Lakini mwanafunzi huyohuyo akitoka darasani na kukutana na kijana mwenye gunia, istilahi zote hizo huyeyuka na neno linalobaki mdomoni ni moja. Tumefundisha riwaya ikaeleweka kama riwaya. Hatukufundisha kwamba Ridhaa na yule kijana wanaweza kuingia katika sentensi moja. Walimu wa fasihi, nikiwemo mimi, tuna deni hapo.

Sheria nayo ina lugha yake. Kwa miaka mingi tulikuwa na sheria iliyomhesabu mtu kuwa mkosaji kwa kuwa 'mzururaji'. Sheria hiyo ya uzururaji, urithi wa ukoloni, ilifutwa Kenya mnamo 1997. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika. Kiini chake kwa mtu wa lugha ni hiki: sheria hizo ziliadhibu hali ya mtu, si tendo lake. Kwa maneno mengine, ziliadhibu nomino. Sheria inafutwa bungeni, lakini neno 'kuzurura' bado linafanya kazi yake ileile midomoni mwetu.

Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata nyumba inayofaa. Imesema kila mtu. Haikusema kila mkazi.

Sasa tutumie neno gani? Hapa ndipo wengi hutarajia nitoe jina jipya. Sitoi. Tumeshabadilisha majina vya kutosha. Miaka ya 1970 Nairobi walikuwa 'paking boi', kwa sababu ya kuwaelekeza madereva pa kuegesha magari. Wakawa 'chokoraa', wakawa 'watoto wa mitaani', kisha 'familia za mitaani'. Goma na Bukavu huitwa 'maibobo'. Kila jina jipya huwa safi kwa muda mfupi, halafu huchafuka kama shati jeupe lililovaliwa jaani. Tusipobadilisha tunavyofikiri, hata 'wasio na makao', ninalolitumia humu kwa kukosa jingine, litakuwa tusi baada ya miaka kumi.

Hata methali hazituokoi. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wahenga. Ni kweli, lakini methali hiyo inamlaumu aliyekataa. Vipi aliyekataliwa na kwao? Vipi mtoto aliyekimbia kipigo? Wahenga wamemwacha nje, nasi tumemkuta hapo nje tukadhani ndiko kwao.

Ninachopendekeza ni kuziacha nomino na kurudi kwenye vitenzi. Kiswahili kimejaliwa vitenzi vyenye uwezo ambao lugha nyingi zinautamani. Nomino 'chokoraa' haina wakati: aliyeipata jana anayo leo na atakuwa nayo kesho. Kitenzi kina wakati ndani yake. "Analala nje" ni hali ya sasa, inayoweza kwisha. "Alikuwa akilala nje" ni hali iliyokwisha. Anayeitwa kwa kitenzi amewachiwa mlango.

Isitoshe, tazama kitenzi 'alifungiwa'. Mzizi ni 'fung'. Kinafuata kiambishi cha kutendea, 'i', kinachoonyesha kwamba kuna mtu aliyeathirika. Kisha kiambishi cha kutendwa, 'w', kinachotuambia kwamba kuna mtu aliyetenda. Neno moja limebeba tendo, mwathiriwa na kivuli cha mtendaji. Ukilisikia, huwezi kukwepa swali: alifungiwa na nani, na kwa nini? Vivyo hivyo alifukuzwa, alitupwa, alibomolewa. Nomino haiulizi lolote. Nomino hufunga kesi, kitenzi huifungua.

Kwa mwandishi wa habari, hii si anasa. Badala ya "wakazi walalamikia watoto wa mitaani", aandike "watu wanaolala kwenye veranda za maduka Thika wameongezeka", kisha aende akawaulize walilala wapi mwaka jana. Hapo ndipo habari ilipo. Kwa karani wa sensa, aongeze swali moja kwenye fomu: "Je, nyumba hii ni yako, au umehifadhiwa kwa muda?" Swali hilo lingemfikia mama yule wa Ruiru sakafuni alikolala.

Najua kuna atakayesema kwamba kitenzi hakiezeki paa. Ni kweli, hakiezeki. Lakini hakuna kaunti inayotenga fedha kwa ajili ya watu ambao lugha yake haiwezi kuwahesabu.

Namalizia na Kiandutu, nyumbani kwa yule mvulana. Jina hilo ni la Kikuyu, na 'ndutu' ni funza wa miguuni, tekenya. Kiandutu basi ni mahali pa funza. Na si mbali na hapo, upo mtaa mwingine wa Thika unaoitwa Landless, jina ambalo kwa Kiingereza ni wasio na ardhi. Leo watu hununua ardhi Landless na kujisifu. Hakuna aonaye kichekesho. Majina yaliyozaliwa na dhiki yamegeuka kuwa anwani, kwa sababu watu waliachwa wakae, wajenge, na waseme "mimi ni wa hapa".

Mvulana yule alifanya hilohilo pale steji. Hakujibu tusi kwa tusi. Alitaja mtaa wake, na katika mtaa huo akamtaja shosho wake. Alisema 'hukaa', kitenzi kilekile kinachozaa mkazi. Alikuwa na sarufi sahihi kuliko sisi sote tuliokuwa ndani ya matatu ile, na sisi tukamcheka.